Kisumu hadi Kigali kwa barabara ukiwa na mzazi mzee: jinsi ninavyompangia Mama safari

Safari ya kwanza nilimpandisha Mama basi la usiku. Nilidhani ninamwonea huruma: atalala, jua halitampiga, alfajiri atafumbua macho Kampala. Tulipanda Kisumu jioni. Nilimpa chupa ya maji, akaishika mapajani njia nzima bila kuifungua. Kila nilipomuuliza alijibu, "Niko sawa, mwanangu." Tuliposhuka, miguu ilikuwa imevimba hata viatu havikumwingia, na alipojaribu kutembea kizunguzungu kikamrudisha chini, akaketi kwenye ngazi za basi huku watu wakimruka. Ni jioni ya siku hiyo ndipo aliponiambia ukweli. Hakunywa maji kwa sababu aliogopa kumwomba dereva asimame, usiku, mbele ya watu wote wale.

Tangu hapo tumekwenda naye mara mbili zaidi hadi Kigali, anakoishi dada yangu na wajukuu wawili ambao Mama hawezi kukaa mwaka bila kuwaona. Mipango yangu yote sasa inaanzia kwenye ile chupa ambayo haikufunguliwa. Mzazi hatasema. Amelelewa kuvumilia, na anaona haya kumsumbua mtoto wake. Kwa hiyo usingoje aseme. Panga mambo ili asiwe na haja ya kuomba.

Ninachoeleza hapa ni njia ya Kisumu, Busia, Jinja, Kampala, Mbarara, Katuna na Kigali, lakini mengi yatakufaa hata ukielekea Bukoba au Arusha.

Hatua ya 1: Nenda naye kliniki wiki sita kabla

Usiende peke yako kumwakilisha. Aketi mbele ya daktari mwenyewe, nawe uwe na orodha ya dawa zake zote, pamoja na zile za miti shamba anazokunywa bila kukuambia. Mwambie daktari mtakaa garini saa ngapi kwa siku na joto litakuwaje. Maswali yangu huwa haya.

La kwanza ni dawa za presha. Baadhi zinafanya mtu akojoe mara kwa mara, na wazee wengi huziacha kimyakimya siku ya safari. Mama alifanya hivyo. Muulize daktari kama kidonge cha asubuhi kinaweza kusogezwa hadi mtakapofika. Uamuzi huo ni wake daktari, si wenu.

La pili ni damu kuganda miguuni. Mtu akikaa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu, hatari hiyo huongezeka, na umri, unene, upasuaji wa karibuni au saratani huizidisha. Uliza kama anahitaji soksi za kubana na apimwe saizi hapohapo, kwa maana soksi isiyomkaa vizuri inaweza kumuumiza.

La tatu ni malaria. Usijidanganye kwamba mtu wa Vihiga au Siaya hahitaji ushauri kwa kuwa amezoea mbu. Na kama mzazi wako anaishi Nakuru, kwenye baridi, mwili wake hauna kinga hata hiyo kidogo. Uliza kuhusu dawa ya kuzuia, na kama haigongani na zile anazotumia tayari.

La nne ndilo linalowapata watu wengi bila kutarajia: chanjo ya homa ya manjano. Uganda hudai cheti chake kwa wanaoingia, na Tanzania hukidai kwa wanaotoka Kenya. Ikiwa Mama au Baba aliwahi kuchanjwa miaka iliyopita, tafuta ile kadi kwa bidii, kwa kuwa tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa kuwa ya maisha yote, hata kama kadi yenyewe imeandikwa miaka kumi. Ikiwa hajawahi kuchanjwa na ana miaka 60 au zaidi, msikimbilie sindano. Kwa umri huo, anayechanjwa mara ya kwanza yuko katika hatari kubwa kidogo ya madhara makali kuliko kijana, ingawa madhara hayo ni nadra. Daktari apime faida na hatari, na akiona haifai, aandike barua rasmi ya kumwondolea chanjo kwa sababu za kiafya. Ikichomwa, cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya chanjo. Ndiyo maana nimesema wiki sita na si wiki moja.

Hatua ya 2: Karatasi

Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo; huko ni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ya Afrika Mashariki.

Linganisha majina. Wazee wetu wana jina la ubatizo kwenye kadi ya hospitali, jina la ukoo kwenye kitambulisho na jina la mume kwenye bima. Jina la kadi ya chanjo lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Piga nakala tatu za kila kitu. Moja ikae kwako, moja kwenye begi lake, moja kwa ndugu aliyebaki nyumbani. Kisha andika karatasi ndogo, kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye jina lake, umri, magonjwa, dawa na vipimo vyake, asichopatana nacho, na namba za simu za watu wawili. Mama huiweka kwenye kile kitambaa anachofungia pesa, kwa kuwa hicho hakipotei kamwe.

Hatua ya 3: Kata barabara kwa kipimo chake

Basi la moja kwa moja kutoka Kampala hadi Kigali ni kama saa kumi peke yake, kabla hujahesabu kipande cha Kisumu. Kijana hushuka akajinyoosha. Mzee hulipia usiku huo kwa wiki nzima. Mimi nina sheria moja: si zaidi ya saa sita za barabara kwa siku, na tuwe tumefika kabla ya saa kumi jioni. Kwa hesabu hiyo safari yetu ni siku tano.

Siku ya kwanza ni Kisumu hadi Jinja, kama kilomita 230 pamoja na mpaka wa Busia. Siku ya pili ni Jinja hadi Kampala, kilomita 80 tu, na alasiri nzima ya kulala. Siku ya tatu ni Kampala hadi Mbarara, kama kilomita 270. Siku ya nne hatuendi popote. Siku ya tano ni Mbarara, Kabale, Katuna, Kigali.

Ile siku ya nne ndiyo ndugu zangu walitaka kuifuta ili kupunguza gharama. Nilikataa, na bado ningekataa. Uchovu wa mzee hauonekani siku ya kwanza. Hujikusanya, ukatokea siku ya tatu kama kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, au ukali usio wa kawaida. Mkichanga pesa kama familia, ziwekeni kwenye siku ya kupumzika na kwenye gari la kukodi la siku ya tano.

Kuhusu majira, chagua Juni hadi Agosti, au Januari na Februari. Masika, Machi hadi Mei, barabara huweza kukatika. Mei 2023 mafuriko ya mto Katonga yaliharibu daraja kwenye barabara ya Kampala hadi Masaka, magari yakalazimika kuzunguka mbali. Kijana anaweza kulala kwenye gari akisubiri, Mama hawezi. Siku mbili kabla ya kuondoka, sikiliza pia matangazo ya afya ya nchi mnazoziendea. Rwanda ilikuwa na mlipuko wa Marburg kuanzia Septemba hadi Desemba 2024, na Uganda ikatangaza Ebola Januari 2025 hadi ilipotangaza umekwisha mwezi Aprili. Kuahirisha safari mwezi mmoja si aibu.

Hatua ya 4: Kiti

Mama anaishi karibu na Luanda, mji mdogo wa Vihiga, na basi la Busia linapita karibu na kwao. Hata hivyo usiku wa kuamkia safari humleta kwangu Kisumu. Ukipandia njiani unapewa kiti kilichobaki, na kilichobaki daima ni cha nyuma, juu ya magurudumu, ambako kila tuta linapita kwenye uti wa mgongo. Pale gari linapoanzia safari ndipo unapochagua.

Chagua safu ya pili au ya tatu, upande wa mlango, karibu na njia ya katikati ili aweze kusimama. Uliza mkanda kama unafunga, jaribu mwenyewe. Kwenye matatu ya watu 14, lipia viti viwili. Konda atakushangaa. Lipa tu, kwa sababu kile kiti cha pili ndicho nafasi ya miguu ya Mama.

Kuna jambo la jua pia. Juni hadi Agosti jua liko upande wa kaskazini, na kwa kuwa mnaelekea magharibi litawapiga mkono wa kulia. Kaeni kushoto. Desemba na Januari ni kinyume chake. Leso moja nyepesi ikiwekwa dirishani hufanya kazi nzuri kuliko pazia lililochanika la basi.

Mwambie dereva na konda kabla ya kung'oa nanga, mbele ya Mama lakini kwa sauti ya chini: "Nina mzazi hapa, tutaomba kusimama kila baada ya saa mbili." Ukishaomba wewe, yeye hatalazimika kuomba. Gari lisilokubali usilipande. Basi la usiku lile halikuwa na sharti hilo, na mimi ndiye niliyekuwa sijauliza.

Hatua ya 5: Maji na choo

Hapa ndipo safari ya mzee inapofaulu au kuharibika, na hakuna anayeandika juu yake kwa sababu ni jambo la aibu. Nitalisema wazi.

Mzee hasikii kiu kama kijana. Mwili wake unaweza kukauka bila yeye kutamani maji, na joto la Afrika yetu ya ikweta halingoji. Ukimwachia chupa, atafanya kama Mama alivyofanya. Mpe kikombe kidogo, kwa mkono wako, kila nusu saa, mafunda machache tu. Mama sasa anajua kwamba mimi pia ninakunywa kila anapokunywa, na nitashuka naye kila atakaposhuka, kwa hiyo haoni kwamba ni yeye peke yake. Ikiwa daktari amempa kipimo cha maji kwa sababu ya moyo au figo, fuata kipimo hicho.

Kisha hakikisha choo kipo kabla hajakihitaji. Panga vituo kwenye vituo vikubwa vya mafuta na hoteli za barabarani. Tatizo la wazee wengi ni magoti: choo cha shimo cha kuchuchumaa hakiwezekani tena, na hilo hawatakuambia. Mama aliwahi kurudi akasema choo ni kichafu, kumbe alishindwa kuinama. Sasa huingia mimi kwanza. Ninatafuta cha kukalia, ninakifuta, ninaangalia kama sakafu inateleza, kisha ninamwita. Kama hakuna, ninaingia kwenye mkahawa wowote ulio nadhifu, ninanunua soda ambayo huenda nisiinywe, na kumwomba mwenye duka kwa heshima. Sijawahi kukataliwa nikiwa na mzee mkononi.

Weka haya kwenye mfuko wako wa pembeni, si kwenye begi lililo juu ya basi: tishu, sabuni ndogo, dawa ya kutakasa mikono, leso mbili, chupi ya akiba na sarafu za nchi mnayopita. Leso ni pazia, ni taulo, ni mto, na ni sketi ya dharura.

Nepi za watu wazima zipo kwenye maduka ya dawa Kisumu na Nakuru. Kuzileta kwenye mazungumzo kunahitaji utu. Usizungumze habari hiyo mbele ya mkweo wala wajukuu. Mimi nilimwambia Mama, tukiwa wawili jikoni tukichambua mboga za saga, kwamba shangazi wa rafiki yangu huzivaa safarini ili alale bila wasiwasi. Akanyamaza. Asubuhi ya safari akaniuliza, "Zile vitu ziko wapi?" Ikatosha. Kwa baba, ni heri mtoto wa kiume au mpwa wake amwambie.

Usiku, nyumba ya wageni iwe na choo ndani ya chumba, na chumba kiwe chini. Piga simu uulize hesabu ya ngazi, usiulize kama ngazi ni nyingi, maana kila mtu atakuambia ni chache. Acha taa ya bafu ikiwaka. Wazee wengi huanguka usiku wa manane wakienda chooni kwenye chumba wasichokizoea.

Hatua ya 6: Begi na zawadi

Nguo ni chache kuliko unavyodhani, isipokuwa sweta. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari. Kabale inakaribia mita 2,000, na usiku wake humtetemesha mtu wa ziwani. Chukua chandarua, tochi, na fimbo yake hata kama anasema haihitaji.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari, na ziwe za wiki moja zaidi ya siku za safari. Anayetumia insulini, ile iliyokwisha funguliwa kwa kawaida huweza kukaa takriban wiki nne nje ya friji mahali pasipo na joto kali, lakini soma karatasi yake, kwa kuwa aina hutofautiana. Usiiweke dashibodini, wala isigusane na barafu.

Sasa zawadi. Mama hawezi kwenda kwa binti yake mikono mitupu. Safari ya pili alitaka kubeba kuku hai wawili. Wanyama hai wanahitaji vibali vya mifugo, na mbegu na miche vinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Nilimweleza hivyo mapema, wiki tatu kabla, ili apate muda wa kubadili mawazo kwa heshima yake. Tukabeba simsim iliyokaangwa, njugu za kukaanga, majani ya chai ya Kericho na omena waliokauka sawasawa.

Vifungie kwenye karatasi au vikapu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka tisa kabla yetu, na mpakani wanaikagua kweli. Mama alipenda kiondo chake kipewe kazi.

Hatua ya 7: Kuvuka Busia

Njiani kutoka Kisumu mtapita Maseno, na hapo mnavuka ikweta kuingia kaskazini. Mwonyeshe. Kabla ya kufika Masaka, huko Kayabwe, mtaivuka tena kurudi kusini, na Mama huwasimulia wajukuu kwamba amevuka dunia mara mbili kabla ya kuwafikia.

Busia mpaka ni wa kituo kimoja tangu 2018. Maana yake, ukitoka Kenya hugongi muhuri upande wa Kenya. Unakwenda moja kwa moja jengo la Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja. Wasiojua huzunguka mara mbili, na kuzunguka huko juani ndiko kunakomchosha mzee.

Mkishuka kwenye matatu, vijana watakimbilia mabegi. Shika begi lako, sema "Asante, tunajijua," endelea kutembea. Neno bodaboda lilizaliwa papa hapa Busia, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, lakini usimpandishe mzazi pikipiki ili kufupisha njia. Tafuta gari dogo limfikishe karibu na jengo, au tembeeni polepole mkipumzika kivulini. Ndani, mwonyeshe afisa mzee wako na uombe: "Afande, nina mama mzee, naomba ahudumiwe mapema." Mara zote tulizopita walituita mbele.

Wazee waliolima maisha yao yote vidole vyao vimechakaa. Mashine ya alama za vidole ikigoma, usiache aaibike akisugua mkono kwenye nguo. Mpake mafuta kidogo ya mikono mkiwa kwenye foleni, afute, ajaribu tena. Ngozi yenye unyevu husomeka vizuri kuliko ngozi kavu.

Mkipewa karatasi yoyote kwa sababu mmetumia kitambulisho, itunzeni hadi mrudi. Badilisha pesa kidogo tu, kwenye ofisi yenye kibanda na risiti, uhesabu ukiwa umeketi.

Hatua ya 8: Barabarani Uganda na Rwanda

Kiswahili kitakufikisha, ila salamu ndizo zitakazomfungulia Mama milango. Waganda watamwita "jjajja", yaani bibi, na atapewa kiti kabla hujaomba. Wewe sema "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Ukisema "taksi" Uganda utaelekezwa kwenye matatu. Ukitaka gari lenu peke yenu, sema unataka la kukodi.

Jinja, mpeleke alasiri aone Nile ikitoka ziwani. Ni ziwa lilelile analoliona akija kliniki Kisumu, na Mama alisimama pale kimya muda mrefu. Huko asihimizwe.

Baada ya Jinja mtapita msitu wa Mabira, na wauzaji wa kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, watayafuata madirisha. Nunua gonja iliyotoka motoni. Nyama iliyokaa kwenye kijiti tangu asubuhi iache. Kanuni yangu kwa mzee ni chakula kilichopikwa mbele yako kikiwa moto, ndizi na machungwa unayoyamenya mwenyewe, maji ya chupa iliyofungwa vizuri. Matoke kwa maharagwe humkaa Mama vizuri. Tumbo likiharibika, anza chumvi ya kuongeza maji mara moja. Pakiti zipo kila duka la dawa. Ukikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu.

Kampala lala upande wa Masaka, Nateete au Busega, si katikati ya mji. Hapo asubuhi mnakuwa mmeshauacha msongamano nyuma. Mama akilala alasiri, mimi huenda kukata tiketi na kuchagua kiti.

Kati ya Lyantonde na Mbarara atawaona ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Mama aliwahesabu hadi akasinzia.

Mbarara hadi Katuna ndipo tunakodi gari. Milima ya Kabale ina kona nyingi, na mwenye kutapika anahitaji kusimama sasa hivi, siyo kituo kijacho. Asile sana asubuhi, akae mbele, atazame mbali, atafune tangawizi.

Ukivuka Katuna na kuingia Gatuna, upande wa Rwanda wa mpaka huohuo, rudisha saa nyuma: saa saba mchana Uganda ni saa sita Rwanda. Magari huko hupita mkono wa kulia. Hili ni la hatari kwa mzee aliyezoea miaka 70 kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka. Mshike mkono kila barabara. Usipange kufika Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi, ni siku ya umuganda, kazi za jamii, na usafiri husimama hadi karibu saa tano. Kutoka Gatuna hadi stendi ya Nyabugogo, Kigali, ni kama kilomita 80. Soketi za umeme za Rwanda mara nyingi si za pini tatu kama zetu, kwa hiyo beba adapta, hasa kama mzazi ana mashine ya kupumulia.

Hatua ya 9: Mchunguze kila siku

Kila asubuhi kabla ya chai, napima presha na kutazama miguu yote miwili. Miguu yote ikivimba kidogo jioni na kupungua usiku, mara nyingi ni kukaa sana. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye tumbo la mguu, au akikosa pumzi ghafla, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kifua kikibana, uso ukipinda upande, mkono ukilegea, au maneno yakikatika. Kenya na Uganda piga 999 au 112; Rwanda ambulensi ni 912.

Kwenye gari, kila nusu saa, akanyage vidole chini na kuinua visigino mara ishirini. Mama anafanya akiimba wimbo wa kanisa, ndiyo saa yake.

Muulize maswali yasiyojibika kwa "niko sawa". Badala ya "Umechoka?", uliza "Goti lipi linauma zaidi leo?" au "Umekunywa vikombe vingapi?" Utashangaa jinsi atakavyokujibu.

Hatua ya 10: Kufika na kurudi

Mwambie mwenyeji asiite wageni siku ya kwanza. Dada yangu alikuwa ameandaa watu ishirini. Mama aliwasalimu wote kwa kusimama, kisha akalala siku mbili. Mara ya pili alikuta maji ya moto, uji wa wimbi na mtoto mmoja tu mlangoni.

Tiketi ya kurudi usiikate mapema. Ngoja wiki moja, umwone anavyotembea, ndipo mpange tarehe naye. Kurudi ni vituo vilevile, nyumba zilezile za wageni; wenye nyumba watakuwa wamemjua, na Jinja walimwekea chumba kilekile cha chini bila mimi kuomba.

Mkifika nyumbani, andika tarehe mliyotoka Uganda nyuma ya kadi yake ya kliniki. Homa yoyote katika miezi mitatu inayofuata, apimwe malaria siku hiyohiyo, nawe umwambie daktari mlikopita, kwa maana Mama atasema ni mafua tu.